Bana, Achia

...basi si waya, waya wa breki hauna kesi tena, jana jioni nimeuchomoa wote nikauning'iniza kwenye msumari wa kamba ya nguo na kuutilia mafuta ya cherehani tone baada ya tone mpaka yakatokea upande wa pili, meusi kwanza, kisha masafi, na leo nimeuvuta kwa vidole viwili ukateleza ndani ya ganda lake bila kunung'unika, na bolti inayoshika leva nimeifungua, nikaikuta imelala ndani ya grisi ya zamani iliyogeuka gundi, nikaifuta kwa kitambaa changu cha saa, kitambaa kizuri, nikairudisha bila kuikaza kupita kiasi maana hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanakaza mpaka leva inakosa pumzi, na springi ya huku chini iko hai, nimeibonyeza kwa kidole gumba ikanirudishia kwa hasira, sasa ni nini, ni nini tena, "Bana," namwambia mke wangu, na sauti yake inashuka kutoka juu ya siti, "Nimebana," na kweli, hapa mbele ya pua yangu, kando ya gurudumu la mbele, kile kichuma kidogo kinachovutwa na waya kinainuka, kinatulia, breki imeshika sawasawa, "Achia," "Nimeachia," na kichuma hakirudi... kimebaki kimeinuka vilevile, gurudumu limekabwa, navuta pumzi, naishusha, ndipo tak, kinarudi chenyewe, kama mtoto aliyeitwa akajifanya hakusikia, "Imerudi?" anauliza, "Imerudi, lakini imechelewa," "Si nilikwambia inanata," "Uliniambia, bibie, kwani nimekataa?" namsikia anahema ndani ya helmeti, mimi nimechuchumaa juu ya kipande cha boksi hapa uani, magoti yameanza kulalamika, bomba linadondokea ndoo, redio ya jirani inatangaza vifo na harusi kwa sauti ileile moja, na yeye yuko juu ya pikipiki yake, sare ya kazi imenyooka, mkoba wa ukunga umefungwa juu ya tangi, tayari kuondoka isipokuwa hii breki, na mikono yake yote miwili imeingia kwenye ile mifuko ya turubai aliyoishona mwenyewe na kuivisha kwenye usukani, kulia na kushoto, ili vidole visipigwe na baridi ya asubuhi, mifuko mizuri, mshono wa kudumu, nilimsifu, nikamwambia sasa umeivisha pikipiki glavu za wodini, akacheka, kwa hiyo leva siioni, vidole sivioni, wala sina haja ya kuviona, sisi tuna utaratibu wetu tangu zamani, yeye juu, mimi chini, yeye anabana na kuachia, mimi naangalia, maana pikipiki ni yake lakini macho ni yangu, mimi ni fundi saa, nimezoea kutazama vitu vinavyotikisika kwa siri, na yeye husema, wewe mume wangu nyumba ikishika moto utabaki unachunguza njiti ya kiberiti, hulisema hilo mbele za watu, watu wanacheka, nami nacheka kwa sababu ni kweli... ilianza na joto, alirudi kazini akasema pikipiki inajivuta, inakwenda kama imefungwa kamba nyuma, nikaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu la mbele nikakitoa mbio, moto, breki ilikuwa imeshika njia nzima, nikamuuliza, uliibana? akasema niliigusa tu pale kwenye kona ya mashine ya kusaga, nikaachia, yenyewe ikabaki, inanata, na hilo neno inanata likaingia kichwani mwangu, nikalala nalo, nikaamka nalo, na tangu hapo asubuhi zetu ni bana achia, bana achia, na jioni ikibaki mikononi mwangu haina tatizo hata dogo, naibana taratibu, inarudi, naibana kwa nguvu zangu zote, inarudi kwa furaha, halafu asubuhi akipanda yeye, inanata, nikasema ni umande, umande unaingia kwenye waya usiku ndiyo maana inasumbua asubuhi tu, nikaivika leva mfuko wa plastiki usiku kucha, ikaamka kavu, na ikanata, nikasema basi ni chuma, chuma kinajikunja kwa baridi, yeye akanitazama bila kusema kitu, na mtu ambaye huwa hakosi la kusema akinyamaza mimi huwa nafikiri amekubaliana nami.

"Mzee, umelala huko chini?" "Nafikiri," "Fikiri haraka, kuna wajawazito wananisubiri kwenye benchi," na benchi hilo nalijua, la mbao, mguu mmoja mfupi, nimelikalia mara nyingi nikimsubiri atoke nipandishwe kurudi nyumbani, kwa sababu mimi ndiye ninayepandishwa, mtaa mzima unajua, vijana wa pale kwenye kona wamenibatiza Abiria, nikipita nyuma ya mke wangu wanapaza sauti, Abiria huyo, Abiria shikilia, nami nawapungia mkono, nawaambia mimi nina dereva, nyinyi mna nini? wanabaki na vicheko vyao, wengi wao amewatoa yeye kwenye matumbo ya mama zao na hawathubutu kumwita yeye jina lolote... pikipiki ilikuwa ya kituo cha afya, walipompa ilikuwa nyekundu, binti yetu hajazaliwa, ilipochoka wakataka kuipeleka kwenye chuma chakavu, akasimama mbele yao akasema hii imenifikisha kwa watu kwenye matope na mvua, siitupi, akaja nayo nyumbani anaisukuma, uso umelowa jasho, akaiegemeza kwenye ukuta huu huu akaniambia, fundi, nimekuletea saa kubwa... alianza kuniita fundi kabla hajaniita kitu kingine, alikuja na saa yake ya kubandika kifuani, ile ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe aisome akiinamisha macho, imesimama, akasema naihitaji, bila hii sijui moyo wa mtoto unakwendaje, nikaifungua, nikavaa kioo changu cha jicho, nikakuta unga mweupe kwenye meno ya magurudumu, poda, poda ya glavu, nikamwambia dada, saa yako imekula poda, akasema basi huyo ni mtoto, mpake na mafuta, na hapo ndipo nilipompenda, sina haja ya kuzunguka, nilimpenda hapo kwa neno hilo, na nilipomrudishia nikaiweka saa kwenye kiganja chake, vidole vikafunga juu yake polepole, vidole vifupi, kucha zimekatwa mpaka mwisho, nikawaza, mtoto anayepokelewa na vidole hivi anakuja duniani kwa kheri... na siku ya kwanza aliponipandisha nilishika siti kwa nyuma, naona haya kumshika, akageuka akasema shika kiuno, usishike siti, siti haitakuokoa, nikashika, na sijaachia mpaka leo, kama ni kunata basi mimi ndiye niliyenata.

"Bana tena," nasema, "nataka kuangalia kitu," na sina kitu cha kuangalia, nimeishiwa, lakini fundi hawezi kumwambia mwenye mali nimeishiwa, "Nimebana," kichuma kinainuka, na sasa hivi jua limeruka ukuta likanipiga jichoni kutoka kwenye taa kubwa ya mbele, lile bakuli la taa la kromu analolisugua kila mwisho wa wiki mpaka unaweza kunyolea ndevu, nainua uso kukwepa mwanga, "Achia," "Nimeachia," na kwenye kromu naona ua wetu wote mdogo, umejipinda, ukuta, ndoo, kamba ya nguo, na katikati yupo yeye, kichwa kikubwa cha helmeti, mabega madogo, na naona mkono wake wa kushoto unatoka kwenye mfuko wake wa turubai, unavuka juu ya tangi polepole, unaingia kwenye mfuko wa kulia, unafanya kitu humo ndani, na uso wake ndani ya helmeti unakunjamana, midomo imebanwa, na huku chini, karibu na goti langu, tak... "Imerudi?" anauliza, kwa sauti yake ya siku zote, nyepesi, na mkono wa kushoto umesharudi mahali pake kana kwamba haukwenda popote, "Imerudi," nasema, "ngoja, usishuke, bana mara nyingine," kwa sababu fundi haamini kitu alichokiona mara moja, na safari hii kichuma sikiangalii kabisa, naitazama taa, "Nimebana," bega lake la kulia linashuka kidogo, "Achia," nasema, na macho yangu yako kwenye kile kivuli kidogo kilichopinda, "Nimeachia," anasema, anasema hivyo, na hajaachia, naona hajaachia, kiwiko kimekaza, anautikisa mkono kama mtu anayejikung'uta maji, vidole havimsikii, ndipo wa kushoto unavuka tena, kama jirani mwema anayekuja kufungua mlango uliokwama, unaingia, unavibandua, kimoja, naona bega linaruka kwa maumivu, kingine, tak... si breki, ee Mungu wangu, si breki, breki ni nzima, breki iko sawa tangu siku ya kwanza, ni yeye.

Nimebaki nimetazama kichuma ambacho hakina kosa, nimekishika kwa vidole viwili kana kwamba bado nakichunguza, ili asijue, na kichwani mambo yanakuja mbio mbio yanasukumana mlangoni, kikombe, kikombe cha chai anachokishika kwa mikono yote miwili siku hizi, nikamtania, bibie umekuwa bibi harusi? akasema baridi, na juzi akanipa kile kikombe kwa mkono wa kushoto, yeye, mtu wa adabu zake, anayemkata jicho hata mgonjwa akipokea dawa kwa kushoto, nikamwambia adabu imehama nyumba hii, akacheka kidogo tu akaenda jikoni, na vifuniko vya chupa, nifungulie mume wangu, si wewe ndiye fundi, nami nikafurahi kuambiwa mimi ndiye fundi, nikavimba kichwa kwa kifuniko cha chupa ya mafuta, na vifungo vya sare, na asubuhi, beseni la maji ya moto, anaingiza mkono anakaa nalo, nikadhani ananawa, mtu gani ananawa muda wote huo, na binti yetu alipokuja na tumbo lake lililokaribia akakaa hapo kwenye mkeka akasema mama, mikono ya kwanza kumshika mwanangu iwe yako, si ya mtu mwingine, na mama yake akasema nani mwingine basi? na akaiweka mikono chini ya khanga, nikaona ameguswa, nikaona mama wa watu ameguswa moyo, nikageuza uso nisije nikalia mimi... na mifuko ya turubai, nimeisifu, nimeusifu mshono wake, na hakuna baridi yoyote asubuhi hizi, jasho linanitoka hapa nilipo, ameishona akiumia, kila tundu la sindano limemuuma, ili afiche, au hata si kuficha, labda mwanzoni aliamini mwenyewe kuwa ni baridi kama nilivyoamini mimi umande, nani anaushuku mkono wake mwenyewe? mkono uliopokea watoto wa mtaa mzima, ukisema achia unaachia, ukisema shika unashika, ungekuwa wewe ungesema pikipiki inanata, hakika ungesema pikipiki.

Na kumbe nalijua hili, ndiyo kazi yangu yote ya maisha, mtu anakuja dukani anasema fundi saa inasimama, unaiweka mezani inakwenda, unaitundika kwenye msumari inakwenda, anaivaa, inasimama, na fundi mpumbavu anaifungua tena na tena anatafuta vumbi ambalo halipo, mimi huwaambia wenzangu, saa inayokwenda mezani ikasimama mkononi, utazame mkono, pengine anaivaa mpaka mfupa unabonyeza kile kitufe cha pembeni, pengine analala juu yake, utazame mkono kwanza, nawaambia kwa majivuno, halafu nyumbani kwangu nimechuchumaa asubuhi baada ya asubuhi nachunguza njiti ya kiberiti... "Vipi huko?" anauliza, "umeona kitu?" na sauti yake ina kitu ambacho sijawahi kukisikia kikielekezwa kwangu, nakijua kutoka nyuma ya mlango wa wodi, nimekaa kwenye lile benchi bovu nikimsikia akimwambia mama anayelia, bado kidogo, mpenzi wangu, bado kidogo tu, na akitoka ananiambia haikuwa bado kidogo, ilikuwa bado sana, lakini mtu humwambii hivyo, na sasa anajiambia mwenyewe, anataka nione ugonjwa kwenye chuma, anaomba niuone kwenye chuma, nikisema ni waya, tubadilishe waya, atashukuru, atanibusu na helmeti yake kichwani, ataondoka, na pale kwenye kona ya mashine ya kusaga penye kokoto atagusa breki, vidole havitaachia, gurudumu la mbele litakabwa... hapana, hilo siliwazi, nalisukuma kule, haliwezi kuingia hapa uani, na nikisema ni mkono wako atavua helmeti, namjua, ataivua taratibu ataiweka juu ya tangi ataingia ndani na atakuwa mzee kabla hajafika mlangoni, na kule kituoni kuna daktari kijana anayemheshimu, angeutazama mkono kwa dakika chache, pengine kuna sindano, pengine kuna mapumziko, mimi sijui, yeye anajua, anajua yote yanayoweza kuwa na yote mabaya kuliko hilo, ndiyo sababu hajamwonyesha, kwa sababu daktari akishaona atasema pumzika, na anamwogopa mtu atakayesema pumzika kuliko anavyoogopa kokoto, na mimi, mimi naogopa, naogopa wazi wazi hapa nilipo na spana mkononi, siogopi asipokee watoto tena, watoto watapokelewa, naogopa kumwona akijitazama mikono namna ile, chini ya khanga, peke yake, na mimi pembeni nimegeuza uso nikidhani ni furaha... miaka yote hii nyuma yake, najua nini mimi kuhusu barabara? naujua mgongo wake, najua sabuni ya kola yake, najua anapokaza bega la kushoto kuna shimo mbele na anapoimba kwa pua kuna mtoto kazaliwa salama, hayo ndiyo ninayoyajua, na kuendesha alinifundisha, ndiyo, kwenye kiwanja cha mpira, nikazunguka na kuzunguka goli mpaka mbuzi wakazoea, akaniambia kwa kicheko unaendesha kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, lakini nilizunguka, sikuanguka, nikaipeleka mpaka kisimani na kurudi, na tulipofika nyumbani akapanda mbele bila kuuliza nami nikapanda nyuma bila kuuliza, ndivyo tulivyozoea, na hakuna aliyesema ni lazima iwe hivyo, hakuna, ni mazoea tu.

"Nimeona," nasema, na sauti inatoka ndogo, bado naitazama taa, kule kwenye kromu yule mdogo amekaa wima hajatikisika, "Ni nini?" na neno liko hapo mdomoni limenata, kila kitu leo kinanata, nalibandua, "Sogea nyuma," "Eti?" "Sogea nyuma kidogo, leo naendesha mimi," na redio ya jirani inaendelea, tone linaanguka kwenye ndoo, na lingine, na yule mdogo kwenye taa anainamisha helmeti yake, anaitazama mifuko ya turubai, kwanza mmoja, halafu mwingine, "Umeona," anasema, na sasa si swali, "Nimeona," "Wapi? wewe si uko chini huko," "Kwenye taa yako, umeisugua mno," na anatoa sauti, sijui ni kicheko, sijui ni nini, inaanza kicheko halafu inakatika, "Mwanzoni nilidhani ni breki kweli," anasema polepole, "wallahi nilidhani ni breki," "Hata mimi," nasema, "hata mimi, bibie, nimeipaka mafuta mpaka imenishangaa," na natamani kumwambia mengi, kwamba tutapita kwa yule daktari kijana kwanza kabla ya benchi, wajawazito watatusamehe, kwamba nitasimama mlangoni, au ndani, popote atakaponiweka, kwamba mtoto wa binti yetu akija mimi nitashika anachokishika yeye, chini ya mikono yake, kama beseni tu, nijulishwe wapi pa kuweka vidole, na kwamba sitakwenda haraka, na pale penye kokoto nitashuka nisukume kama itabidi, lakini sisemi hata moja, nasema tu, "Na ushike kiuno, siti haitakuokoa," na namsikia akivuta pua ndani ya helmeti, mara moja, kama mtu mwenye mafua, kisha springi za siti zinalia, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, siti ambayo mbele imechimbika kwa umbo lake na nyuma kwa umbo langu, na sasa itabidi ituzoee upya, vijana wa kwenye kona watasema nini, Abiria kapanda cheo, waseme, nitawapungia, ikiwa nitaweza kuutoa mkono kwenye usukani, "Kwanza uinuke hapo chini, dereva," anasema, na sauti yake imelowa lakini utani umo, utani umo ndani, ananiita dereva, najaribu kuinuka na magoti yanakataa, yameganda, naona aibu, nacheka peke yangu, "Nipe mkono," namwambia, na nanyoosha wangu juu pasipo kutazama, nikingoja wa kushoto, kwa kuwa siku hizi kila kitu ni wa kushoto, na unaokuja ni wa kulia, umetoka kwenye turubai, umeshuka kwenye jua mbele ya uso wangu, umevimba kidogo kwenye maungio, kidole cha pete kimejikunja hakijakubali bado kufunguka, kitu kidogo cha moto ndani ya kiganja changu, naushika, sivuti, magoti yanauma, yaache yaume, sijainuka bado.